Gauti ya Baba, Moyo wa Mama

Nyie vijana mnaotoka vyuoni na makoti meupe yaliyopigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe, mmeniomba niwaeleze kazi ya maabara ilivyokuwa. Mmeniomba kwa adabu, shikamoo mmezipanga mstari, na maandazi mmeleta. Haya, kaeni. Ila sitawasimulia nilivyoanza, maana wastaafu wote huanza na hapo, na wote tulianza vilevile: hatujui kitu na tunajifanya tunajua. Nitawaeleza habari ya kipimo kimoja tu, cha asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti, ambayo wazee wetu waliiita jongo. Na nitawaeleza nilivyokaribia kumzika mke wangu kwa kipimo hichohicho, mimi niliyeitwa Daktari Bagamoyo nzima ilhali sijawahi kuwa daktari hata siku moja.

Kituo nilichofanyia kazi sitakitaja. Makosa yalikuwa yangu, jengo lilikuwa linavuja tu.

Kwanza mjue tabia ya mji. Maradhi mengine watu huyaficha. Mwenye kisukari atakwambia ana sukari kidogo tu. Mwenye presha atasema ni mawazo ya watoto. Lakini gauti, jamani, gauti ilitangazwa. Mwanamume akivimba kidole gumba cha mguu, hata kandambili haipiti, basi siku hiyo atazunguka njia ndefu ya sokoni ili aonekane anachechemea. Watu walishaambiwa kwamba huu ni ugonjwa wa wenye nacho, unaletwa na nyama, maini, pweza na kamba. Kwa hiyo anayechechemea alikuwa anawatangazia majirani kwamba kwake hakuliwi mboga za majani.

Karatasi zetu za majibu zilikuwa na alama ya nyota. Kipimo kikizidi kikomo, nyota inajichapa pembeni ya namba, ili daktari aione haraka. Wanaume wakaifanya cheo. Pale kwenye kahawa ungesikia mtu mzima, hajji, anamuuliza mwenzake kama yeye anayo nyota au bado. Mwenye bucha mmoja wa Kerege aliibandika karatasi yake dukani, juu ya mizani, na wateja wakadhani ni kibali cha bwana afya. Nyama yake iliuzika sana mwaka ule.

Kuna mzee wa Kiwangwa, mkulima wa mananasi, namwita Mzee Kibwana, aliyekuja kupimwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara zote tatu alikuwa mzima. Mara ya tatu akanivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wenzake ameshawaambia anayo, sasa ataficha wapi uso. Nikamtazama mguu. Kidole kilikuwa kimevimba kweli, ila ni kwa sababu alijigonga kwenye jiwe shambani, na ukucha ulikuwa unaning'inia. Nilimwambia hivyo. Hakunijia tena, nasikia alikwenda maabara nyingine kutafuta wataalamu.

Mnacheka. Na mimi niliwacheka, huku nyota yangu nimeikunja mfukoni mwa shati. Naam, na mimi ninayo, ya kweli. Ilinishika siku ya harusi ya binti yetu Rukia, nikaongoza wageni wa kiume kwa mguu mmoja, na watu wakasema Daktari sasa mambo yake mazuri. Sikuwakatalia.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa Bwana Fazal.

Bwana Fazal ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mhindi wa hapahapa mjini, ukoo wake wana duka la vitambaa, na ndugu zake hawakuelewa kamwe kwa nini mtu aache duka akashinde anatazama mikojo ya watu. Kiswahili chake kilikuwa fasaha kuliko changu, na alinisahihisha. Kila jambo alilifanya polepole. Sampuli akiichukua anakuuliza jina lako, anakuuliza tena, halafu anakuuliza mara ya tatu kana kwamba huenda umebadili mawazo. Alikuwa na usemi wake: damu haijui kusema uongo, anayesema uongo ni karatasi. Mimi nilikuwa kijana mwenye haraka, nikamwona mzee anachelewesha foleni.

Bwana Fazal aliandika kwa mkono wake karatasi kubwa ya vikomo, ya vipimo vyote, akaibandika ukutani. Mistari yake imenyooka kwa rula. Kila kipimo kilikuwa na safu mbili, ya wanaume kushoto, ya wanawake kulia. Kwenye yuriki, kikomo cha wanaume kilikuwa saba, cha wanawake sita. Alinieleza sababu, na ninyi mmeshaisoma: mwanamke akiwa bado anapata siku zake, homoni zake huzisaidia figo kuitoa ile asidi, kwa hiyo kiwango chake cha kawaida kiko chini. Siku zikikoma, kinga ile inaondoka na asidi inaanza kupanda kimyakimya. Na mara nyingi haipandi peke yake. Utakuta presha ipo hapo, figo zimechoka, moyo unasumbuka. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama ndiyo inayoudhuru moyo au inaonekana tu kwenye nyumba inayoungua. Bwana Fazal alisema ubishi huo tuwaachie wao, sisi tukiona moshi tupige kelele.

Akastaafu. Nikabaki mkuu wa maabara, na kazi yangu ya kwanza ya ukuu ilikuwa kupendezesha ukuta.

Ile karatasi ilikuwa imeshakuwa ya njano, kona zimeliwa na mende. Nikaipeleka steshenari ya kuchapia pale mjini ikawekewe nailoni ngumu. Yule bwana wa mashine akaniambia ni pana, haiingii, labda tuikunje au tuipunguze pembeni. Nikaitazama. Kushoto wanaume, kulia wanawake. Kwa vipimo vya wingi wa damu safu ya wanawake niliijua kwa kichwa, maana wajawazito tuliwapima kila siku. Vingine, nikajiambia, nani anampima mwanamke yuriki? Huo ni ugonjwa wa wanaume. Nikamwambia apunguze kulia.

Ikatoka inang'aa. Nikaitundika, nikasimama nyuma hatua mbili nikajisifu. Safu nzima ya wanawake ilichukuliwa na mkasi, na mtu aliyesema sawa, pita hapo, ni huyu mnayemletea maandazi.

Halafu zikaja kompyuta. Mashine ikapima yenyewe, kompyuta ikatoa majibu yenyewe, na sisi tukawa watu wa kubonyeza. Ukiingiza mgonjwa, pale penye jinsi palikuwa pamejiandika Me. Kubadili iwe Ke ilibidi utoke ukurasa ule, uingie mwingine, ubonyeze, usubiri, urudi. Foleni imefika mlangoni, watoto wanalia, mtu ananiuliza kama majibu yametoka. Nikaacha Me. Kwanza nikaacha kwa siku zenye watu wengi. Baadaye nikaacha tu. Majina yalikuwepo, Mwajuma ni Mwajuma, nani atadhani ni dume? Ila kompyuta haijui Mwajuma ni nani. Yenyewe inasoma Me, inashika kikomo cha wanaume, na kama namba haijakifikia haiweki nyota. Kwa miaka kadhaa maabara yangu haikumpokea mwanamke hata mmoja. Bagamoyo ilikuwa mji wa wanaume watupu, na baadhi yao wana mimba.

Sasa njooni nyumbani kwangu.

Baada ya nyota yangu, daktari wetu alinikataza maini, figo, supu ya pweza, dagaa, na kamba wakavu wa Saadani ninaowapenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Mama Rukia, kwa huzuni kubwa. Mngetegemea basi vitu vile viondoke jikoni. Wapi. Mimi ni mtu wa heshima zangu, wageni wanakuja, watamkuta Daktari anakula mchicha? Kwa hiyo niliendelea kuvinunua, na yeye aliendelea kuvipika, na vikawekwa mezani mbele yangu kama zamani. Wageni wasipokuja, mimi naonja kijiko kimoja, nasogeza sahani, nasema alhamdulillahi, nimekatazwa.

Na chakula hakitupwi. Ni israfu, na Mama Rukia kalelewa na bibi yake, mwanamke aliyeokota punje za wali kwenye mkeka. Kwa hiyo alikula yeye. Chake kwanza, halafu changu. Mimi nikapungua, kidole kikapona, watu wakanisifu kwa kujitunza. Kila mwezi nilijipima nikafurahi namba inavyoshuka. Gauti yangu ilikuwa inapona kupitia mdomo wa mke wangu na sikuona ajabu yoyote.

Akaanza kulalamika uchovu. Akipanda ngazi za kwa dada yake anapumzika katikati. Mara mgongo unauma, mara taya, mara kifua kinajaa na kichefuchefu. Majirani wote walikubaliana kuwa ni gesi, na mimi mtaalamu nikaunga mkono hoja. Alikunywa maji ya tangawizi mpaka nyumba ikanuka mkahawa.

Siku moja alinifuata kazini. Alikuwa amepita sokoni, akakaa kwenye benchi na kikapu chake, jasho linamtoka. Nikamwambia njoo, leo nikupime mimi mwenyewe, vyote. Nilitaka kumwonyesha mashine, nisiwadanganye. Nikamtoa damu, nikaingiza jina, nikaacha Me kama kawaida yangu. Nilimwandika mke wangu wa ndoa, mama wa watoto wangu wanne, kuwa mwanamume, nikabonyeza.

Yuriki ikasoma sita nukta nane. Hapana nyota. Nikainua macho ukutani kwenye karatasi yangu inayong'aa: kikomo saba. Nikamwambia Mama Rukia ana damu ya kijana. Akafurahi sana, akakunja karatasi akaitia kwenye pochi, na tangu siku hiyo akiambiwa apumzike anasema mume wangu kanipima, mimi mzima. Sikumpima presha. Kifaa kilikuwa chumba cha pili, hatua kumi na mbili kutoka pale alipokaa. Nimekwenda kuzihesabu baadaye.

Miezi michache kabla sijastaafu, asubuhi, Mama Rukia alikuwa anakuna nazi. Nikasikia mbuzi imeanguka. Nikamkuta ameegemea ukuta, mkono umeshika taya, jasho jingi, midomo imepauka. Aliniambia gesi imepanda leo. Na mimi, wanangu, nawaambia haya kwa aibu, nilikwenda jikoni kuchemsha tangawizi. Maji yalikuwa hayajachemka aliposema haoni vizuri. Hapo ndipo nilipokimbia kutafuta gari.

Dar ile siku ilikuwa mbali. Kila tulipofika kwenye matuta nilimshika kichwa asitikisike, naye alikuwa ananiambia nisisahau kuzima jiko. Tulipofika hospitali walisema mshipa wa moyo umeziba, na presha yake ilikuwa juu kwa muda mrefu, si ya jana wala juzi. Walimhudumia. Alikaa siku nyingi. Akarudi nyumbani akiwa hai, na moyo ambao tangu hapo haupigi kwa nguvu zake zote.

Aliyekuwa anamwangalia baada ya hapo ni Daktari Upendo, binti mdogo umri wa Rukia wangu, alikuwa ameletwa kituoni kwetu mwaka uleule. Akaomba majibu ya zamani. Mama Rukia akafungua pochi akamkabidhi ile karatasi, kwa fahari, kwamba alipimwa na mumewe. Binti akaisoma. Akaigeuza nyuma, akarudi mbele. Kisha akaniuliza, kwa heshima kabisa:

"Samahani mzee wangu, huyu mgonjwa ni nani?"

Nikamwambia ni mke wangu, si huyu hapa. Akaweka kidole mahali palipoandikwa jinsi, juu ya ile Me. Alijua nimeona. Aliniepusha na aibu mbele ya mke wangu, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Tulipotoka nje nikamuuliza kama nyota ile ingemwokoa. Hakunifariji. Alisema yuriki peke yake haimwambii mtu kwamba moyo utaziba kesho, ila mwanamke wa umri ule mwenye namba ile na uchovu ule angepimwa presha siku ileile, na figo, na moyo, na dawa angeanza. Nyota ingemfanya mtu asimame na kuuliza.

Nilimficha mke wangu wiki tatu. Nilijifanya nampikia uji kwa mapenzi, kumbe napika kwa hatia. Mwisho uji ukanishinda. Nikakaa naye barazani baada ya alasiri nikamweleza yote, karatasi niliyoikata, Me niliyoiacha, sahani nilizomsogezea. Alisikiliza huku anapeta mchele. Mama Rukia hana haraka, kama Bwana Fazal.

"Kwa hiyo nilikuwa mwanamume," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Sasa Baba Rukia, mbona kupika nilikuwa napika mimi?"

Akacheka, akashika kifua maana hata kucheka kunamchosha, na mimi nikalia. Nililia kweli, kamasi na yote. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza swali ambalo mimi, na vyeti vyangu, sikuwa nimejiuliza. Aliniuliza ni wanawake wangapi wengine.

Kesho yake nilikwenda kwa Daktari Upendo nikakiri kila kitu, mbele ya mganga mfawidhi. Walinigombeza, na walikuwa na haki. Wakaibadilisha ile kompyuta siku hiyohiyo, haifungui ukurasa mpaka uchague jinsi, kazi iliyomchukua fundi muda wa kunywa soda moja. Halafu tukafungua madaftari. Tulikuta wanawake kumi na saba walioletwa kwa kipimo cha yuriki, namba zao zimepita sita hazikufika saba, wote hawana nyota. Kumi na saba kwenye kituo kimoja kidogo. Na mimi nilisema nani anampima mwanamke yuriki.

Mfawidhi aliruhusu tuwapigie, tusitaje ugonjwa, tuseme tu waje wapimwe upya bure. Nikaanza mimi. Nikapokewa na waume. Mume wa kwanza alisema mke wake mzima. Wa pili akasema mke wake hana nafasi, ila yeye mwenyewe anaweza kuja, kidole kinamuuma. Wa tatu akaniambia mwenye jina hilo alitangulia mwaka jana, ghafla, alikuwa anasumbuliwa na gesi. Nilimpa pole. Nilipokata simu sikuweza kupiga nyingine.

Nikaomba mke wangu aje akae nami. Mfawidhi akakuna kichwa, akasema kama na yeye yumo kwenye orodha hiyohiyo basi aje. Alikuja na khanga yake na dawa zake kwenye kimfuko, akakaa kwenye kiti changu cha ukuu wa maabara, akavaa miwani, akapiga. Wakipokea waume, aliwaamkia vizuri, akauliza hali za watoto na shamba, halafu akasema mpe simu mwenyewe. Hakueleza zaidi. Wakampa.

Jina la mwisho lilikuwa la Kiwangwa. Mume alipokea, na sauti nikaijua, ni Mzee Kibwana wa mananasi, yule wa ukucha. Alimwambia Mama Rukia kwamba kama ni habari ya nyota, apimwe yeye, si mkewe. Mama Rukia akamwambia mpe simu mwenyewe.

Tukasikia nyayo, tukasikia kuku, halafu sauti ya mwanamke anayehema kama katoka kisimani. Alishukuru sana kwa kukumbukwa. Akasema yeye hana kitu, uchovu wa shamba tu, na hii gesi inayompanda kifuani akiinama kuvuna.

Mama Rukia alivua miwani. Hakunitazama.

"Dada yangu," akasema, "hata mimi ilikuwa gesi. Weka jembe chini, njoo leo."